Jibu Lililopotea Njia ya Kurudi

Simu nyingi za Bukavu zimepangwa kwa Kifaransa, na maneno ambayo mwenye simu hapendi kuyaona yakiganda kwenye kioo ni haya: Obtention de l'adresse IP, yaani simu inatafuta anwani ya IP. Yakikaa sekunde mbili, hakuna anayeyasoma. Yakikaa dakika nzima, mtu huzima Wi-Fi, huiwasha tena, kisha hutoa hukumu inayojulikana toka Nyawera hadi Panzi: koneksio hakuna. Hapo washtakiwa huwa watatu. Ni kampuni inayouza intaneti, au ni SNEL iliyokata umeme, au ni seva iliyokufa. Mara nyingi wote watatu hawana hatia. Umeme upo, intaneti imelipiwa, seva iko macho, na jibu lililokuwa likingojwa limekwisha kutolewa. Limepotea njiani.

Kifaa kinapoingia kwenye mtandao hakijui lolote. Hakina anwani, hakijui mlango wa kutokea, hakijui hata kama yupo wa kukijibu. Kinachoweza kufanya ni kupaza sauti kwa wote: pakiti inatoka poti 68, anwani ya mtumaji ikiwa sufuri tupu, 0.0.0.0, na inaelekezwa kwa 255.255.255.255, yaani kwa yeyote anayesikia, poti 67. Seva ikisikia, inapendekeza anwani. Kifaa kinaiomba rasmi ile iliyopendekezwa, na seva inathibitisha. Ni hatua nne, na kwa kawaida zote huisha kabla mtu hajaweka simu mfukoni. Tena anwani hiyo haitolewi jumla, inakodishwa. Nusu ya muda ikipita, kifaa huanza kumwomba aliyekikodishia akiongezee muda; zikipita sehemu saba kati ya nane bila jibu, huacha kumwomba huyo mmoja na kurudia kupaza sauti kwa kila mtu.

Huo ndio utaratibu wa DHCP, na una ukomo mmoja ambao nyumba yenye ruta moja haiwezi kuugundua hata ikae miaka: sauti inayopazwa kwa wote haivuki ruta. Hiyo si hitilafu. Ruta zimekusudiwa hivyo, maana kama kila kelele ya kila chumba ingeruhusiwa kutoka nje, mitandao ya dunia isingebeba kitu kingine zaidi ya kelele.

Na Bukavu si mji wa ruta moja. Umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu na juu ya miteremko inayopanda nyuma yake, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ibanda inagusa maji, Kadutu imebanana mlimani, Bagira iko upande wake. Shule, hospitali, parokia au shirika lenye majengo mawili hujikuta na kilima au ghuba katikati, na kuchimba mtaro wa kebo katika udongo unaoporomoka kila mvua zinaposhika ni kazi ghali kuliko kufunga antena mbili zinazotazamana. Ndiyo maana mtu akisimama mahali palipoinuka akatazama mapaa, ataona visahani vya redio vimeelekezwa huku na huko. Mawimbi yalikwishavuka hata maji: mtandao wa jamii wa Pamoja Net, uliosimamiwa na shirika la Ensemble Pour la Différence, uliwafikishia intaneti wakazi wa kisiwa cha Idjwi kwa redio.

Mwanzoni mafundi huunganisha majengo hayo yote kuwa mtandao mmoja mrefu. Kila kifaa kinasikia kila kifaa, seva iliyo Ibanda inagawa anwani hadi Bagira bila taabu, na kila mtu anafurahi. Furaha hudumu mpaka simu zinapoongezeka. Hapo kila sauti ya kila simu inarushwa juu ya kilima kupitia redio ileile inayopaswa kubeba barua na masomo. Mbaya zaidi, mtu mmoja upande wa pili akichomeka karuta kake ka nyumbani kwa tundu lisilo lake, karuta hako nako huanza kugawa anwani, na watu wa Ibanda wanajikuta na 192.168.1 kadhaa zisizowapeleka popote. Fundi mwenye busara huamua kugawa: kila jengo liwe na mtandao wake mdogo, na ruta katikati. Ni uamuzi sahihi kabisa. Siku anapoutekeleza ndiyo siku simu za Bagira zinapoganda.

Dawa yake ilifikiriwa mapema. Septemba 1985, Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa Sun Microsystems walichapisha BOOTP, itifaki iliyotangulia DHCP, na ndani ya umbo la pakiti yake waliacha nafasi ya baiti nne iitwayo giaddr. Oktoba 1993 Ralph Droms, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bucknell huko Pennsylvania, alitoa toleo la kwanza la DHCP. Machi 1997 likaja lile linalotumika hadi leo. Nafasi ya giaddr ikabaki palepale. Kazi yake ni hii: ruta ya jengo la mbali inapewa jukumu la tarishi. Inasikia kelele ya simu isiyo na anwani, inaichukua, inaandika katika nafasi ile anwani yake yenyewe ya upande ule kelele ilikosikika, kisha inaipeleka moja kwa moja kwa seva, si kwa wote tena. Seva ikisoma giaddr inajua mambo mawili kwa mpigo. Inajua ombi limetoka mtandao upi, kwa hiyo itachagua anwani kutoka fungu lipi. Na inajua jibu lirudishwe kwa nani.

Hilo la pili ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalokula usiku wa mafundi.

Tuchukue taasisi moja isiyo na jina, yenye namba za kubuni lakini tatizo la kila siku. Makao yake yako Nyawera, mtandao 10.20.0.0/24, seva ikiwa 10.20.0.5. Jengo la pili liko Bagira, mtandao 10.20.3.0/24, na ruta yake kwa upande wa ndani ni 10.20.3.1. Kati ya majengo kuna redio mbili zenye kamtandao kao, 10.20.255.0/30, upande wa Bagira ni 10.20.255.2. Pale Nyawera kuna milango miwili: 10.20.0.1, ruta ya redio ya kwenda Bagira, na 10.20.0.254, ruta ya kwenda intaneti. Seva, kama seva nyingi, imeambiwa kwamba chochote isichokijua ikitupie 10.20.0.254.

Bagira hakuna simu inayopata anwani. Fundi kijana anapanda huko, anaingia kwenye ruta, anaipigia seva ping. Seva inajibu, milisekunde chache, bila kupoteza pakiti hata moja. Anaandika kwenye ripoti kwamba njia ni nzima na kosa liko kwa seva. Aliye Nyawera anaiwasha seva upya, na hakuna kinachobadilika. Wanaiwasha tena. Hapo ndipo mama wa sekretarieti anapochungulia mlangoni.

“Mwanangu, seva imekufa?”

“Hapana, Mama. Inajibu vizuri. Sijui inamjibu nani.”

Jibu hilo, ingawa lilitolewa kwa uchovu, ndilo swali lenyewe. Ping ya ruta ya Bagira ilitoka na anwani gani? Ruta ikiachwa ijichagulie, hutumia anwani ya upande inakotokea pakiti, yaani 10.20.255.2, ile ya redio. Na seva inaijua njia ya kwenda kwenye kamtandao ka redio, kwa sababu fundi aliyefunga antena aliiandika ili aweze kuzichungulia akiwa Nyawera. Lakini tarishi hatii sahihi kwa anwani ya redio. Anatia sahihi kwa 10.20.3.1. Seva inapotaka kumjibu 10.20.3.1 inatafuta njia, haiioni, na inafanya kama ilivyoagizwa: inalitupa jibu kwa 10.20.0.254. Ruta ya intaneti nayo haina habari za Bagira, na anwani zinazoanza na 10 ni za faragha kwa mujibu wa maafikiano ya Februari 1996. Hakuna mtu huko nje anayezipokea. Jibu limekwenda kufia upande wa pili wa mji, likiwa sahihi kila herufi.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, unasikiliza kwenye milango miwili kwa wakati mmoja. Programu ya tcpdump inatosha. Kwenye ruta ya Bagira inaonekana 0.0.0.0.68 > 255.255.255.255.67, simu ikipaza sauti. Mara hiyohiyo inafuata pakiti ya tarishi kuelekea 10.20.0.5. Baada ya sekunde nne hivi simu inarudia, kisha baada ya nane, kisha kumi na sita. Itifaki inaiagiza irefushe subira kila inapokosa. Kwenye seva picha ni tofauti: ombi linaingia, na pendekezo linatoka, 10.20.0.5.67 > 10.20.3.1.67. Kila ombi lina namba yake ya utambulisho, na namba ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubishana. Bagira inasema haijajibiwa, Nyawera inasema imejibu, na zote mbili zinasema kweli.

Kinachobaki ni kuuliza upya, safari hii kwa jina la tarishi: ping kutoka ruta ya Bagira, lakini ikilazimishwa itumie 10.20.3.1 kama mtumaji. Kimya. Kosa lililochukua mchana mzima linaonekana katika amri moja. Mstari mmoja unaongezwa kwenye seva, kwamba 10.20.3.0/24 inafikiwa kupitia 10.20.0.1, na simu za Bagira zinaanza kupata anwani moja baada ya nyingine. Halafu watu wanapiga kelele kwamba kurasa hazifunguki. Bila shaka hazifunguki: ruta ya intaneti ilikuwa na upofu uleule wa seva, na inahitaji mstari uleule. Fundi angeanza kuuandika hapo, mmoja ungetosha kuponya yote mawili.

Ukiangalia makosa mengine ya ukoo huu, mengi yana sura hiyohiyo ya jibu lisilofika. Kuna faiawoli iliyoandikwa na mtu aliyekariri kwamba seva hujibu kwenye poti 68, bila kujua kwamba inapomjibu tarishi hujibu kwenye 67. Jibu linauawa mlangoni. Kuna ruta yenye anwani mbili kwenye upande mmoja, ikatia sahihi kwa ile isiyo na fungu kwenye seva. Kuna seva ambayo haikuwahi kuambiwa kwamba Bagira ipo. Hii ya mwisho ni afadhali, kwa sababu angalau inalalamika kwa maandishi.

Mwandishi wa makala haya ana kinyongo na jambo moja katika hadithi hii: kompyuta zinazojipa anwani. Tangu Windows 98, mashine iliyokosa jibu huchagua yenyewe namba kutoka 169.254, kisha huendelea kana kwamba mambo ni shwari. Mwaka 2005 tabia hiyo ilipewa kanuni rasmi. Nia ilikuwa njema, kompyuta mbili zilizounganishwa bila seva ziweze kuzungumza. Lakini katika ofisi yenye seva, 169.254 ni kilio kilichovalishwa nguo ya afya. Karani anaona mashine “ina IP,” anamwambia fundi hivyo kwa simu, na fundi asiyeuliza IP ipi anapoteza saa nzima akitafuta kosa mahali pengine. Simu iliyoganda kwenye Obtention ina ustaarabu zaidi. Inakiri kwamba haijapata.

Umeme nao una lake. Bukavu inaishi kwa mto Ruzizi, unaotoka ziwani hapo hapo mjini na kushuka kuelekea Tanganyika; bwawa la Ruzizi I linafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989, na delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni sehemu ya ratiba ya kila kaya. Ukirudi umeme, kila kitu huamka kwa pamoja, na hapo vifaa vinagongana. Swichi yenye ulinzi wa zamani dhidi ya mizunguko hukaa sekunde 30 kabla ya kuruhusu tundu lipitishe chochote, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Kompyuta yenye diski ya kisasa imekwisha kuwaka, imepaza sauti mara kadhaa kwa mlango uliofungwa, na imejipa 169.254 yake. Ruta ndogo zinazoweka daftari la kodi kwenye kumbukumbu ya muda hulisahau, zikawagawia wageni anwani ambazo wenyeji bado wanazo. Kompyuta ndogo isiyo na betri ya saa huamka ikiamini ni tarehe ya zamani, na mikataba yote ya kodi ikawa haina maana; Simon Kelley, Mwingereza aliyeandika dnsmasq, aliweka katika programu hiyo namna maalumu ya kuishi bila saa ya kuaminika, na hilo linaonyesha kwamba si Bukavu peke yake inayojua giza.

Ukipanua jicho, mji wenyewe unakaa katika hali ya lile jengo la Bagira. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na saa za miji hiyo miwili hazilingani. Mombasa, ambako kebo za bahari za SEACOM na TEAMS zilitua mwaka 2009, iko karibu zaidi. Intaneti ya Kivu inategemea sana njia za mashariki, kupitia Rwanda na kwingineko. Barua ya mwanafunzi wa Bukavu kwa ofisi ya Kinshasa inaweza kutokea Bahari ya Hindi, ikapita Ulaya, ikarudi kwa Atlantiki, na jibu lake likachagua njia nyingine kabisa. Mwisho wa Desemba 2018, serikali ilipofunga intaneti nchini kote kufuatia uchaguzi na kuirejesha Januari iliyofuata, waliokaa karibu na mpaka wakiwa na laini ya Rwanda walikuwa na mlango ambao wa Kananga hawakuwa nao.

Hata anwani zenyewe zinatoka mbali. Bara hili linagawiwa na AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius, ambayo mwanzilishi wake anayekumbukwa zaidi ni Mghana Nii Quaynor. Mwaka 2017 iliingia awamu ya kwanza ya kuishiwa na anwani za IPv4, na Januari 2020 awamu ya pili, ambamo mwombaji hapati zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Tangu 2021 imetumia muda mwingi mahakamani. Kwa taasisi ya Nyawera hilo lina maana moja tu ya kila siku: itaendelea na 10.20 zake za faragha, itazigawa kwa majengo, na itahitaji tarishi katika kila jengo.

Tarishi hao wanajulikana na nani? Mara nyingi na mtu mmoja. Namba ziko kichwani mwake, nywila ziko kwenye simu yake, na mchoro wa mtandao, kama upo, uko nyuma ya karatasi ya ankara. Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia Bukavu, maelfu waliondoka, wengi kuelekea Burundi, na hakuna aliyeondoka akifikiria jedwali la njia. Fundi akihama, mtandao aliouacha hufanya kazi kwa muda, kwa sababu ruta hazijui kama bwana wao hayupo. Shida huanza siku ya kwanza ya kubadilisha kitu.

Mrithi hana haja ya kukata tamaa, maana giaddr ileile iliyoleta usumbufu inaweza kumsaidia. Seva za zamani za ISC, ambazo bado zinahudumu mahali pengi ingawa wenyewe walitangaza mwisho wa kuzitunza mwaka 2022 na kuwaelekeza watu kwenye Kea, huandika kila ombi pamoja na anwani ya tarishi aliyelileta. Mtu akichuja daftari la wiki moja tu, anapata orodha ya majengo yote yaliyowahi kuuliza: 10.20.3.1, 10.20.4.1, 10.20.6.1. Na yale yasiyo na fungu hujitokeza pia, kwa malalamiko kwamba ombi limetoka mtandao usiojulikana. Kama kuna mstari unaorudia 10.20.7.1 kila asubuhi saa mbili, kuna chumba mahali fulani ambako watu huwasha mashine, hukosa anwani, na wamekwisha kuzoea kutumia mega za simu zao. Kukipata ni kazi ya miguu: kwenda jengo hadi jengo, kuuliza funguo za kabati, na kusoma namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito chini ya kila ruta.